Bomba Lisilo na Mwisho

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeingia kwenye kompyuta! Mimi, fundi bomba, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ananionea wivu.

Meneja mpya wa hoteli anataka mchoro wa mabomba yote, ghorofa zote nne, ifikapo Ijumaa. Nikamwambia upo — nikajigonga kichwa. Akasema kichwa hakiingii kwenye faili. Nisipouleta ataita kampuni ya nje ije ipime, na wao wana mafundi wao. Miaka yangu kumi na minane iende hivihivi! Si mimi niliyeziba bomba la jikoni kwa kisigino saa sita mfululizo, huku nakula na kusalimia wageni?

Bahati ninayo. Mpwa wangu, binti wa dada, yuko chuoni na ametengeneza programu ya kuchorea mabomba. Anatafuta mtu wa kuijaribu. Nikamwambia, mama, umempata bingwa.

Jumanne, 4 Juni

Programu ina kiburi hii! Nimechora bomba kutoka tangini moja kwa moja hadi bafuni. Nyekundu. Nikafuta, nikachora tena kwa ukali. Nyekundu! Mpwa anacheka hadi anashika mbavu. Ati, Mjomba, hii si picha, ni lugha. Ina alama zake tisa — tangi, pampu, boila, koki, kizibo na wenzao — na sheria kumi na nne, kaziandika yeye mwenyewe, za kipi kiungane na kipi. Tangi haligusi bafu bila koki katikati. Bomba halianzi hewani wala haliishii hewani. Ukivunja sheria mstari unawaka, na mchoro wenye wekundu haukubali kuchapwa.

Nikamwambia mimi nimewahi kufunga bomba lililoanzia hewani, na maji yakatoka.

"Mvua ilikuwa inanyesha, Mjomba?"

Damu yangu kabisa, huyu!

Jumatano, 5 Juni

Kipanya kimenizoea. Ghorofa ya nne, safi. Ya tatu, safi. Mistari yote myeusi kama nywele zangu za zamani. Raha yake! Ukikosea inakushika mkono papo hapo, ukipatia inakuacha. Ningeipata nikiwa darasa la sita, leo ningekuwa waziri.

Halafu ghorofa ya pili. Kuna bomba la maji ya moto linatoka kwenye boila na kuingia ukutani, nyuma ya chumba cha kufulia. Linakwenda wapi? Naandika hapa kwa sababu hakuna asomaye: sijui. Nililikuta hivyo siku ya kwanza. Watu wakiniuliza nilisema linakwenda kwenye bafu la siri la mwenye hoteli. Mwaka mwingine nikasema linapasha msingi joto usipasuke. Wote waliamini! Kompyuta tu ndiyo imeniwekea duara jekundu: mstari huu hauna mwisho.

Mpwa akauliza linaishia wapi. Nikakohoa. Akasema labda aongeze alama ya kumi, ya kitu kisichojulikana — duara lenye nukta katikati. Nikamcheka. Nani ataitumia hiyo? Mimi?

Alhamisi, 6 Juni

Nimegundua kitu!! Nimechukua kizibo, nikakipachika palepale bomba linapoingia ukutani. Wekundu ukayeyuka. Mchoro mzima mweusi! Kumbe programu haijui ukweli, inajua sheria tu. Ukiuvalisha uongo sare, inaupigia saluti.

Mpwa alikuwa jikoni na birika. Aliporudi akauliza kama kweli limeishia kwenye kizibo. Nikasema nilikifunga kwa mkono huu. Akaniangalia. Akauangalia mkono. Tukachapa.

Miaka yote nadanganya watu na wananicheka. Leo nimeidanganya kompyuta — na wala haikutabasamu!

Ijumaa, 7 Juni

Meneja ameubandika mchoro ofisini! Kampuni haiji! Jikoni wananiita Injinia. Nimezunguka korido zote mara mbili, na sina kazi yoyote huko.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekaa juu ya ndoo, chumba cha kufulia, daftari gotini. Meneja anataka mlango mpya wa kwenda ghala la mashuka. Mahali kapachagua kwa kuangalia mchoro wangu, pale unapoonyesha ukuta mtupu, ng'ambo ya kile kizibo changu. Fundi wa kutoboa amekuja na drili, waya haukufika kwenye soketi, wamekwenda na meneja kutafuta mrefu. Kabla hajatoka, yule fundi kanigonga bega: "Kwa mchoro wa Injinia natoboa hata nikiwa nimefumba macho!" Mtu mwembamba, anaimba peke yake. Glavu yake moja imetoboka kidoleni.

Nimeweka kiganja ukutani. Una joto: lile bomba limepita humu. Nikaweka shavu. Joto, kama paji la mtoto mwenye homa.

Nimempigia mpwa. Mama, ile alama yako ya kumi, ya kitu kisichojulikana, inakuwaje? Akasema, "Nilishaiweka tangu Alhamisi, Mjomba. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nimeokota chaki ya fundi, nimeichora ukutani palepale alipopima. Duara, kubwa kama sinia, na nukta katikati. Chaki imekatika njiani, lakini limetoka duara! Hata bikari ingeomba ushauri.

Wimbo unapanda ngazi. Viatu vya meneja vinagonga nyuma yake — ko, ko, ko. Nimesimama, nimeegemeza mgongo kwenye — hapana, nikiegemea nitaifuta. Nasogea pembeni, ionekane