Birika la Wodi ya Wanawake

Lindi, 8 Juni 1953

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima na masomo yanakwenda vizuri, ila moyo hautulii. Magoti yanaendeleaje tangu utoke hospitali? Mama Theresia, jirani yako wa kitanda, ana habari gani?

Daktari wa wodi yenu, yule niliyekuwa namtafsiria, amehuzunika. Unakumbuka kila mmoja wenu alipewa chupa yake. Nusu ya chupa zilikuwa na dawa aliyoitoa katika magome ya ule mti tunaochemsha kwa homa na viungo. Nusu zilikuwa maji yaliyotiwa uchungu tu, na hakuna mgonjwa aliyejua ipi ni ipi. Alitaka kuona kama waliokunywa dawa watapungua homa, maumivu na uvimbe kuliko wenzao. Sasa amelinganisha vipimo vyenu vya wodini, na nyote mko sawasawa. Ameanza kuandika barua ya kwenda Dar es Salaam kwamba magome yale hayana kitu, na kazi iachwe.

Niambie kweli, Shangazi: kila mtu alikunywa chupa yake?

Mwanao,
Sada

Kikole, 15 Juni 1953

Mwanangu Sada,

Marahaba. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu nilizojifunza chuoni, usinicheke. Huku sote wazima. Goti la kulia linanitii, la kushoto bado lina kiburi.

Swali gani hilo? Tuwe wanawake sita chumba kimoja, kila mtu ajifiche na chupa yake kama mwizi? Asubuhi ya kwanza tu Valeria alisema, "Lete hapa, wee Mwahija, usije ukapona peke yako ukatuacha!" Tukamimina zote katika birika langu, tukagawana. Theresia tulimwongeza, maana miguu yake ilivimba kuliko yetu.

Kwani vibaya? Mbona hukutukataza?

Shangazi yako,
Mwahija

Lindi, 22 Juni 1953

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mu wazima. Barua yako niliisomea nyuma ya jiko la shule ili wenzangu wasione ninavyolia.

Nyinyi hamna kosa. Siku ile nilipowatafsiria, daktari alisema, "Waambie kila mtu anywe yake, asimpe mwenzake." Nikaona haya. Mtoto kama mimi niwaambie mama zangu wanyimane? Nikasema tu, "Daktari anawaombea afya." Mkaitikia amina, naye akafurahi, akidhani mmekubali.

Jana nilimweleza. Alivua miwani. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Kisha akauliza kama mtakubali kurudi tuanze upya. Barua yake bado iko mezani, na msipokuja itaondoka. Mimi sina uso wa kuwaomba.

Mwanao,
Sada

Kikole, 30 Juni 1953

Mwanangu,

Marahaba. Futa machozi. Wenzangu nimewapelekea habari. Theresia alicheka mpaka akashika mbavu. Valeria amenuna: "Yaani uchungu wote ule, kumbe nilikunywa maji?"

Mwambie daktari asiitume barua. Jumatatu tunakuja sote sita, kwa lori la ufuta. Lakini safari hii simama mbele yetu utuambie maneno yake yote, hata yale unayoyaonea haya.

Birika naliacha nyumbani. Chupa yangu nitainywa nimegeukia ukutani, maana Theresia akinitazama tu, nitampa.

Shangazi yako,
Mwahija