Gauni la Mdogo Wangu na Meza ya Mwisho

Alhamisi, 12 Machi

Nimefanya nini mimi? Nimefanya nini?

Asubuhi Mama alinipa pesa za kitambaa na lesi, akanisihi nisipitie popote. Nikapitia. Klabu ya karata iko ghorofani, juu ya duka la matairi, na duka la vitambaa liko ng'ambo ya barabara ileile – balaa lote ndilo hilo. Nikajidanganya kwamba naingia shindano dogo tu la poka, nizizidishe kidogo, gauni la mdogo wangu lipate na shela refu. Kiti hakijapata joto, nimetolewa. Nikalipa kuingia tena. Nikatolewa tena.

Harusi ni Jumapili. Fundi cherehani mzima, nawashonea watu mtaa mzima, na mdogo wangu wa tumbo moja sina hata kipande cha kumkatia.

Ijumaa, 13 Machi

Bibi harusi kapiga simu, anataka kuja kulijaribu gauni. Nikamwambia nataka kumshangaza, kimebaki kiuno tu. Akacheka, akasema haya dada, nakuamini. Heri angenitukana!

Kumwambia Mama siwezi. Zile pesa ni za kibubu chake, alikuwa anakitingisha kila jioni asikie kama kimejaa. Mwenye duka la vitambaa hakopeshi, na mimi hataki hata kuniona. Wateja wangu wote wameshanilipa kabla ya kazi, na nimeshazila.

Njia ni moja. Kesho klabuni kuna mashindano mawili, la asubuhi na la mchana. Anayeshinda lolote ananunua kitambaa, lesi, shela na bado anabaki na chenji. Nikilipata duka kabla halijafungwa jioni, nakesha kwenye cherehani na kesho yake gauni limepigwa pasi. Hakuna atakayejua. Hakuna!

Viingilio vyote viwili nimepata. Nimemuuzia kinyozi jirani feni yangu ya dukani. Akaniuliza joto lote hili nitashona vipi. Nikamwambia mimi mtu wa baridi.

Jumamosi, 14 Machi – asubuhi

Nimetolewa. Nimekaa kwenye ngazi za klabu.

Na nilikuwa nacheza vizuri! Wenzangu mezani wananiita Sindano kwa ajili ya kazi yangu, na leo nilikuwa nachoma kweli. Mbele yangu alikaa Mstaafu, mzee aliyefundisha hesabu maisha yake yote, anayetafuna njiti ya kiberiti hata akiwa na karata nzuri. Nikapata ree mbili. Ree mbili, karata kubwa kuliko zote, mkono ambao mtu anauota! Nikataka kupandisha dau nimfukuze. Nikachukua chipu moja kubwa, kisahani cha kuwekea dau, nikaitupa katikati ya meza – kimya.

Mgawaji karata akanyoosha mkono, akasema chipu moja bila neno ni kufuata dau, si kupandisha. Sheria naijua! Mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Lakini kichwani nilikuwa nakata kitambaa, nimeshafika kwenye mikono, nawaza nifanye mirefu au mifupi. Mstaafu hakulipa cha ziada, akaziona karata zilizofuata kwa bei ya bure, akapata saba yake ya tatu, na saba tatu zinazipiga ree mbili. Na mimi kichwa kigumu, sikukubali kuziachia ree zangu. Nikaweka chipu zote. Kwisha habari.

Nilipoinuka akanigusa bega. "Nenda nyumbani, binti yangu. Leo hupo hapa."

Nikamshukuru. Nikashuka mpaka barabarani. Nikapanda tena, nikalipia la mchana.

Jumamosi – mchana

Msalani. Haraka.

Tumebaki meza mbili. Chipu zangu zinahesabika kwa jicho. Bibi harusi kaleta ujumbe kwamba amepita dukani kwangu, kakuta kufuli. Nimejibu nimefuata uzi. Sikuwaza hata kidogo, vidole viliandika vyenyewe.

Naogopa. Naandika ili nipumue.

Jumamosi – jioni inaingia

Meza ya mwisho! Mimi! Niliweka zote mara tatu na mara tatu karata ikanihurumia. Ya tatu nilifumba macho, nikasikia watu wakiguna, nikajua nimepona.

Sasa tumebaki watatu. Mstaafu, mimi, na Breki, dereva wa lori anayeitwa hivyo kwa sababu hana. Chipu zangu ndizo nyingi. Chache tu kuwazidi, lakini nyingi.

Breki kaangalia saa, kasema ana mzigo wa kuondoka nao. Ndipo Mstaafu akatoa njiti mdomoni, akaleta hoja inayoletwa kila watu wanapobaki wachache na wamechoka: tugawane zawadi sawa kwa sawa, kila mtu aende zake. Inaruhusiwa. Sharti wote wakubali. Mmoja akikataa, mchezo unaendelea mpaka abaki mtu mmoja, na wa tatu hapewi kitu.

Akanigeukia. Mchana nilikuwa nimemropokea habari ya harusi. "Chukua fungu lako, Sindano. Mdogo wako anakusubiri."

Nikapiga hesabu. Kitambaa kinatosha. Lesi inatosha. Shela halimo, lakini shela hata la kuazima lingepatikana. Dirishani naliona duka, liko wazi, taa zinawaka. Kushuka ngazi tu na kuvuka barabara! Breki akasema sawa. Mstaafu akasema sawa. Meza nzima ikanitazama mimi.

Nilifungua mdomo niseme sawa. Wallahi nilikuwa nasema sawa.

Nikajisikia nasema, "Tucheze."

Breki kashika kichwa. Mstaafu kavuta kiti, kaanza kupanga chipu zake upya. Nimeomba dakika moja nivute hewa, niko hapa dirishani. Najiambia ninaongoza, mwenye chipu nyingi hagawani, nikishinda nachukua na shela. Uongo. Sikuwa nawaza shela. Sikuwa namuwaza mdogo wangu wala Mama. Nilipotamka lile neno nilisikia raha – raha tupu, mwili mzima – na bado ninayo mpaka sasa, Mungu wangu, ndiyo inayonitisha.

Ng'ambo, mwenye duka ameanza kuingiza marobota ndani. Moja moja, polepole, mgongo unamuuma. Labda atachelewa. Labda mikono mitatu tu ya karata, minne.

Mgawaji ananiita. Naenda. Jamani, naenda.