Ndama Uliyesema Hatafika Jumapili

Mpendwa Baba,

Tangu tukuzike nimekuwa nikigombana nawe kimoyomoyo, na karibu kila mara ni kuhusu yule ndama wetu wa kule kijijini Buger. Mama yake alikufa akimzaa. Ulimtazama mara moja tu, ukasema, "Huyu hafiki Jumapili. Amezaliwa mtupu, hana kinga yoyote. Mwacheni."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimfunga mgongoni kwa khanga, nikampeleka kwa jirani yetu Mama Tluway, ambaye ng'ombe wake alikuwa amezaa siku hiyohiyo, nikamwomba maziwa ya kwanza. Ukanitania mbele ya watu: "Mpisheni mama ndama!"

Alifika Jumapili. Akafika na Jumapili nyingine hamsini na mbili. Kisha ukamkata masikio kwa alama ya Kaka Safari, ukampa yeye. "Msichana ataolewa, ng'ombe abaki na nani?" Hilo sijalisahau, Baba, na sitajifanya nimelisahau.

Unakumbuka hesabu yangu ya masikio? Malisho yalikuwa ya pamoja, kila kaya na alama yake. Nilikuambia: aina nne za mkato kwa kila moja ya sehemu tatu za sikio, ni alama sitini na nne, kwa masikio mawili, elfu nne na tisini na sita. Ukasema, "Kaya ziko arobaini. Hizo nyingine tuwape nyumbu wa Ngorongoro?" Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni. Siku hiyo nilikupenda sana.

Sasa nisikilize. Maabara ya mifugo niliingia kwa ufagio, kusoma nilijisomesha. Mwezi uliopita mtaalamu wetu alinipa damu ya ndama mchanga nihesabu chembe zake nyeupe za kinga, zile ziitwazo T. Zipo zinazoitwa gama-delta. Kwa mtu mzima kwa kawaida hazifiki kumi katika mia. Kwa ndama yule zilikaribia nusu! Nikarudia mara tatu.

"Hujakosea, dada," akasema. "Ndama ndivyo walivyo."

Chembe hizo hutengenezwa ndama angali tumboni, katika ile tezi laini ya shingoni uliyokuwa ukiwatupia mbwa tukichinja. Humo kila chembe hukata vipande vya jeni zake na kuviunga upya, ijipatie kipokezi cha kutambulia ugonjwa. Kipokezi kina pande mbili, kama masikio yetu, na pale vipande vinapoungana huongezwa vingine vidogo kwa kubahatisha. Nilijaribu kuhesabu aina zinazowezekana. Karatasi ikaisha. Mimi, Baba, hesabu ikanishinda! Na baadhi ya chembe hizo huondoka mapema, kabla ndama hajazaliwa, zikakae ngozini na utumboni, zikisubiri ugonjwa ambao bado haujaja.

Sisemi ni hizo tu zilizomwokoa. Maziwa ya Mama Tluway yalifanya kazi kubwa. Lakini hakuzaliwa mtupu.

Nilikusudia barua hii ikushinde. Hoja ninazo zote. Ila pale kwenye hadubini niligeuka nikaita kwa sauti, "Baba, njoo uone." Wenzangu wakanishangaa. Uchungu wa kunyang'anywa ndama bado ninao. Hata hivyo, ungeingia mlangoni wakati ule, ningeinuka nikupishe kiti, hoja zangu zingoje mpaka umalize kutazama.

Lala salama.

Ni mimi, binti yako mbishi.