Mashine Iliyokosa Amina

Jumatatu, 4 Novemba

Vumbi tena. Nimenawa na kunawa, na bado masikio yanatoa unga wa magunzi.

Leo mashine ya kupukuchua mahindi imefika shambani, hapa kijijini Kwanza. Kama kila msimu, Mzee Eliakimu, mwenye shamba na mzee wa kanisa letu, alimwita Pasta Jothamu aiombee. Pasta akaipaka mafuta. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama, kwa hiyo wimbo nilianzisha mimi, na Amina yangu ikasikika kuliko zote. Dereva wa trekta husubiri Amina hiyo ndipo awashe. Hapa kwetu mashine isiyoombewa haiguswi. Hata Juma na wapakiaji wenzake Waislamu huinua mikono na kuitikia.

Kifuniko cha mshipi unaozungusha mashine hakipo. Kizito, nyapara wetu, alikitoa msimu uliopita. Mshipi ukiteleza, kukifungua na kukifunga kunachelewesha kazi, ati. Sasa kiko uani kwa Mzee, kuku wanakulia pumba humo. Sote tulikiona tulipoenda kunywa chai. Metrine, mwenzetu anayeilisha mashine, akacheka, ati kuku wa Mzee wana sahani kubwa kutushinda.

Mgongo unauma. Nalala.

Jumanne, 5 Novemba

Mashine imemshika Metrine.

Alikuwa akiilisha mahindi. Upepo ukainua ncha ya leso yake, mshipi ukaivuta, mkono ukafuata. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye. Nikadhani gunzi limekwama. Dereva alizima haraka, lakini chuma hakisimami mara moja. Kiliendelea kumvuta. Damu ilinirukia mdomoni. Juma akavua shati, akalifunga juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Kizito alikuwa akipiga kelele tusogeze mahindi yasichafuke. Yasichafuke!

Tulimpeleka Kitale kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia. Njia yote aliniuliza kama vidole bado viko. Nikamwambia viko. Havikuwepo.

Jumatano, 6 Novemba

Wameukata kwenye kiwiko. Mkono wa kulia.

Alipoamka hakulia. Aliniangalia akasema, "Mama Rispa, si tuliiombea hiyo mashine?"

Nilijifanya natafuta maji ya kunywa, nikatoka nje, nikapiga ukuta wa hospitali teke. Kidole cha mguu kimevimba. Nina hasira na Mzee, na Kizito, na Pasta, na huu mdomo wangu. Na Mungu pia. Naandika tu, si anajua.

Alhamisi, 7 Novemba

Mashine imenyamaza tangu juzi. Damu imemwagika, kwa hiyo lazima iombewe tena, la sivyo hakuna atakayeisogelea. Mzee amemwita Pasta. Mimi nilifika kwa Pasta kwanza.

Nilimfokea nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Nilimwambia mafuta yake yalilainisha mshipi tu. Aliona chuma kiko wazi, akafumba macho akaomba. Na mimi nikaimba. Sote wawili hatufai.

Nilitarajia anifukuze. Badala yake akasema hataiombea tena mpaka kifuniko kirudi. Akatoka na baiskeli kwenda kumwambia Mzee ana kwa ana.

Mzee amekataa. Kukirudisha ni kukubali kwamba ule mkono ni juu yake.

Jumamosi, 9 Novemba

Wamempiga Pasta. Kiminini, kando ya barabara, mchana kweupe, watu wakinunua nyanya. Vijana watatu wasiojulikana. Walimwangusha kwenye baiskeli wakamkanyaga mbavu. Meno ya mbele yametoka. Mmoja alimwambia, "Sasa omba, bana."

Niliosha kanzu yake. Damu ya watu wawili imepita mikononi mwangu wiki hii na bado natakiwa kupika.

Jumapili, 10 Novemba

Pasta alipanda madhabahuni akiwa ameshonwa mdomo. Hakuweza kusema. Akaninyooshea kidole mimi.

Sikuwa nimejiandaa. Nilisimama nikasema maneno machache: mashine iliyokula mkono wa Metrine isiitikiwe Amina na yeyote mpaka ifunikwe. Mzee alikuwa kiti cha mbele, suti ya kahawia. Akaondoka, na viatu vyake vikalia sakafuni mpaka mlangoni. Wengine walimfuata. Wengi walibaki.

Jumanne, 12 Novemba

Jana wanaume wawili walikuja wodini kumuulizia Metrine. Si ndugu. Muuguzi akawadanganya kwamba ameshatoka, kisha akatuambia tumtoe kweli.

Tumpeleke wapi? Juma akasema kwa mama yake, Bungoma, nyuma ya msikiti. Sikupenda. Niandike ukweli, sikupenda. Nilitaka aende kwa watu wa kanisa. Lakini watu wa kanisa Mzee anawajua wote kwa majina.

Mama Hadija, mamake Juma, alifungua mlango, akaona bandeji, akampisha kitanda chake mwenyewe. Kabla chai haijachemka akina mama wa msikiti walishajaa sebuleni. Uji, nguo, mafuta ya kujipaka. Mmoja aliwahi kuwa muuguzi, akamsafisha kidonda polepole huku akimtania. Hakuna aliyeuliza anasali wapi. Niliona aibu kwa mawazo yangu ya njiani.

Nimerudi leo, daftari hili likiwa mkobani. Nyumba yangu imechomwa. Godoro, Biblia, kuku aliyekuwa akilalia mayai. Amekufa juu ya mayai yake, hakutoka. Huyo kuku ndiye aliyeniliza.

Jumatano, 13 Novemba

Kizito alimkuta Juma kwenye turubai la mahindi akamcharaza nyaunyo mgongoni, mbele ya wote, kwa kosa la kumficha Metrine. Shati likapasuka, ngozi ikapasuka. Juma aliziba uso kwa mikono. Kizito hakuacha. Mimi nilikuwa na sufuria ya chai ya wafanyakazi, inatokota. Sikufikiri. Nilimmwagia shingoni.

Alipiga mayowe. Ngozi ilijikunja kama ya maziwa. Nilifurahi, nilitamani niwe na sufuria nyingine. Mimi, mwenyekiti wa akina mama.

Pasta aliposikia alitikisa kichwa, akaandika kwenye karatasi: usirudie. Sijutii. Nitajaribu Jumapili.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika kwa shida, bega limevunjika.

Mzee alileta mhubiri mgeni kutoka Kachibora aiombee mashine. Mawingu meusi, mahindi yako wazi, wakati umemwishia. Tulikuja wote. Akina mama wa kanisa, Pasta na uso wake uliovimba, Juma na wapakiaji. Mhubiri alikuwa hajaambiwa kitu. Aliomba vizuri, kwa kweli. Sauti tamu. Akamaliza, akasubiri.

Kimya.

Akarudia, "Na watu wa Mungu waseme?" Hakuna. Juma na wenzake mikono chini. Mzee akasema Amina peke yake, ikatoka ndogo kama ya mgonjwa. Dereva alikuwa juu ya trekta, mkono kwenye ufunguo, akitutazama sisi.

Kizito akanijia, shingo imefungwa kitambaa, rungu mkononi. "Sema Amina. Wewe mama, sema!" Akanipiga begani. Nilisikia mfupa, sauti ileile ya Metrine. Nilijua nikifungua mdomo kulia, nitamtukana, au nitasema anachotaka. Nikauma midomo. Akapiga tena palepale. Nikaanguka kwenye magunzi. Akina mama wakanizunguka, wakasimama kati yangu naye, midomo imefungwa. Akampiga mmoja wao, Mama Sela, usoni. Naye hakutoa sauti, damu tu. Tulikuwa wengi kuliko rungu lake. Mkono ukamchoka.

Mhubiri alikuwa ameshaacha kututazama. Alizunguka mashine. Akauona mshipi uko wazi, akaona uzi wa leso ya Metrine bado umejisokota kwenye gurudumu. Akaugusa. Akafunga Biblia.

"Mzee, hii mimi siwezi," akasema. "Hii inataka fundi, haitaki mhubiri."

Dereva akashuka, ufunguo akautia mfukoni. Matone ya kwanza yakagonga turubai. Mzee akaangalia juu, akaangalia mahindi yake, akaangalia sisi. Akaelekea nyumbani kwake. Akarudi amekibeba kifuniko mwenyewe, suti imejaa pumba na mavi ya kuku.

Fundi akaitwa, akakaza nati. Pasta akaomba kwa mdomo ulioshonwa, hakuna aliyeelewa hata neno moja. Wote wakaitikia, Amina na Amin, mpaka ng'ombe wakashtuka. Mimi nilikuwa bado chini kwenye magunzi. Nilijaribu. Haikutoka.

Jumapili, 24 Novemba

Bungoma. Bega limefungwa, nimekuja kumwona Metrine.

Mvua nyepesi. Pasta na imamu wa msikiti wa hapa walikwenda pamoja ofisi ya kazi juzi, kesi imepokelewa. Mzee anasema atasaidia. Tutaona. Kizito ameondoka Kwanza, hakuna anayesema ameenda wapi, na sijauliza. Akina mama wameniezekea chumba kimoja. Mashine inaendelea kupukuchua, imefunikwa.

Mama Hadija alipika ugali na kuku. Nilimwangalia yule kuku kidogo, kisha nikala. Kabla hatujala, Mama Hadija alimwambia Metrine aombee chakula kwa desturi yake, nyumba ni yake. Metrine akainamisha kichwa. Alitaka kukutanisha mikono, nikaona bega la kulia likijaribu. Akaweka wa kushoto juu ya meza, akaufungua.

Aliomba kifupi. Chakula. Mama Hadija. Wale watakaoilisha mashine kesho. Akanyamaza. Hakufumbua macho. Alikuwa akingoja, na nilijua anamngoja nani.

Nikasema Amina. Kisha nikamkatia nyama yake.