Daktari Eliakim Rudd Hakuwakimbia

Ni mwaka mzima sasa, Eliakim, tangu utuache, mwezi huu huu wa Machi, wa kuchemsha utomvu wa miti kupata sukari. Watu bado wanagonga mlango wetu hapa Kenfield wakiulizia dawa ya kifua. Binti yetu Zerviah huwaambia daktari hayupo tena. Wengine huketi hata hivyo. Tumechoka kueleza.

Mkono wako ulikuwa mwepesi kung'oa jino, lakini kusema hapana kulikushinda. Ndiyo maana watu wa wilaya walikupeleka Bungeni. Miaka kumi, kila majira ya baridi, wiki mbili barabarani hadi Washington, na huko nako wabunge wenzako wakakuonyesha meno yao mabovu. Kila mara ulirudi umekonda zaidi, unakohoa, unasinzia na buti miguuni.

Septemba ile wakubwa wa wilaya walikuja kuuliza kama utagombea tena. Wewe ulikuwa chumba cha nyuma, unapasua jipu la mtoto wa Peleg mhunzi. Niliwajibu mimi.

"Daktari anasema basi. Amechoka."

"Kasema mwenyewe, Bibi Rudd?"

"Sasa mnataka niape?"

Wakaondoka. Neno hilo ulikuja kulisikia kwenye mkutano wa mji, mbele ya watu wote, na hukulikanusha. Njiani kurudi ukanishika kifundo cha mkono, kama unavyomshika mgonjwa.

"Thankful, naambiwa nimestaafu."

"Nani kakwambia?"

"Mapigo yako. Mbona yanakwenda mbio hivyo?"

Nikalia. Ukasema tu, "Haya, twende nyumbani, baridi hii," na hukulitaja tena mpaka unakufa.

Watu wakakuita mtoro, eti umelikimbia Bunge wakati vita na Waingereza vimepamba moto. Walikusema hadi kwenye ngazi za kanisa. Ulinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikakuacha unyamaze. Aibu hiyo nimeibeba mwaka mzima, na imenichosha kuliko msiba wenyewe.

Basi wote wasikie: hukuwakimbia. Nilikuzuia mimi. Mwenye neno aje kwangu.

Nchi ilikuwa nawe miaka kumi, wagonjwa miaka thelathini. Mimi nilikupata miezi sita tu ya mwisho. Nisamehe, Eliakim, ingawa ningefanya vile vile tena.

Unakumbukwa na mkeo Thankful, binti yako Zerviah na mumewe Asa, dada yako Keturah, na wajukuu wanne uliowachanja ndui kwa mkono wako.

Daima tutakukumbuka, na kuanzia leo kwa jina safi.