Shangazi wa Karema

Ilembo, Mpanda

Baba Zuhura,

Sijui barua ya mtu aliyekwenda huko uliko hupelekwa na nani, kwa hiyo hii sitaitia bahasha. Nimekaa kwenye kiti chako, nyuma ya meza ya duka. Mlango wa mbele umefungwa kwa sababu niko kwenye eda, na mwanga ninaoandikia ni wa dirishani. Mizani yako nimeifunika kitambaa. Vumbi la kiangazi hiki halina adabu kabisa.

Nianze na lililonikalisha hapa. Shangazi yako nusura atuumbue.

Najua unacheka. Cheka tu, wewe umeshaondoka, aliyebaki na shangazi ni mimi.

Ulizikwa vizuri, mume wangu. Watu walijaa mpaka barabarani. Shehe alisimama akasema kwamba katika miaka yote ya duka hili hajawahi kusikia mtu aliyerudi kulalamikia kilo ya sukari au robo ya chumvi. "Huyu alikuwa mtu mkweli," alisema, na wanaume wakaitikia wote kwa pamoja. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimejifunika kanga, nalia. Lakini moyo ulikuwa unanidunda kwa jambo jingine. Nilikuwa namuwaza huyo shangazi. Ukweli wako ndio mali uliyoniachia, Baba Zuhura, na ndani yake kulikuwa na tundu moja tu tulilolijua sisi wawili.

Unakumbuka lilivyoanza? Tulipomwoza Zuhura akaenda zake Sumbawanga, nyumba ikawa kubwa ghafla. Tukawa tunakula tunatazamana. Jioni moja ukaniuliza, "Mama Zuhura, hivi sisi tunapumzika lini?" Nikadhani unaumwa, nikakushika shingo kuona kama una homa. Ukasema hapana, unataka tufunge duka twende Karema tukaone ziwa. Kufanya nini? Kuliona tu.

Sasa mtu utasemaje jambo kama hilo hapa kwetu? Watu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa ugonjwa au kwa biashara. Mke na mume wazima kufunga duka na kupanda lori ili wakatazame maji, hilo halina jina. Tukakubaliana tusimwambie mtu. Asubuhi tunafunga kufuli, kapu liko mkononi, akatokea Mama Shija amekuja kununua chumvi. Jirani yetu huyu, Msukuma wa watu, alifika huku na mumewe na ng'ombe wao wakati bado tunajenga, na tangu hapo hakuna kitu cha nyumba hii asichokijua. Akaona kufuli, akashika mdomo. "Jamani, nani kafa?"

Na wewe, ambaye kidole chako hakijawahi kugusa mizani, ukajibu bila hata kumeza mate: "Hajafa mtu. Shangazi yangu anaumwa, kule Karema." Mpaka tunafika kwenye lori nusu ya Ilembo ilikuwa imeshatupa pole.

Tungeishia hapo. Lakini uliporudi ulikuwa na uso wa mtu aliyelala usingizi, na mwaka uliofuata ukataka twende tena, na shangazi akaanza kukua. Ukampa jina, Mwamvua. Kisha akavimba miguu. Ulipotamani kupanda treni, maskini ikabidi ahamishiwe Tabora kwa matibabu, nasi tukamfuata tukatembea sokoni siku nzima tunakula miwa. Mwaka wa mvua za El Nino barabara ilikatika tukakaa nyumbani, na Mama Shija alikuja kila jioni kutufariji kwamba Mungu atamlinda mgonjwa wetu. Ulikuwa unaitikia "Inshallah" kwa sauti ya chini, halafu unaingia chumbani unauma mto ili usicheke.

Na kila safari alileta kitu cha mgonjwa. Karanga, mchele, kuku wa kienyeji, na mwaka jana hata kanga. Mara moja alileta samli. Ulimwambia kwamba samli haimkubali shangazi, kumbe wewe ndiye usiyeiweza. Nilikukanyaga mguu lakini hukusikia.

Nyumbani ulikuwa mtu mwingine, nikwambie ukweli. Alfajiri mlango wa duka, jioni mlango wa duka. Chai nilikuletea mezani hapa. Jikoni hukuingia, ukitaka maji ulikuwa unakohoa mlangoni kama mgeni mpaka nikutolee. Usiku ulikuwa unasikiliza redio mpaka inakoroma, nawe unakoroma nayo, halafu nikiizima unaamka kuniuliza kwa nini nimeizima. Sikuwa na lalamiko. Waume wote wa Ilembo walikuwa hivyo, na wengine walizidi.

Lakini lori likishaacha nyumba za mwisho za mji, nilikuwa nayaona mabega yako yakishuka. Kule tulikuwa tunapanga chumba cha nyuma kwa mama mmoja muuza dagaa ambaye hakutuuliza kitu. Safari ile ya kwanza nilizunguka natafuta mwiko, nikakukuta nao wewe, umechuchumaa mbele ya jiko la mkaa unageuza migebuka ya ziwani. Uliiunguza. Tukaila hivyohivyo na ukaniuliza mara tatu kama ni tamu. Ulifua gauni langu ukalianika ndani nje. Ulibeba ndoo kichwani kutoka ziwani, wanawake wa pale wakakucheka mpaka wakakaa chini, na wewe ukasimama ukawapungia mkono, maji yote yanakumwagikia shingoni.

Jioni moja tumekaa nje kando ya jiko, ukaniuliza kama siku unanioa nilikuwa nakupenda. Nikasema nilikuwa sikujui. Ukauliza, "Na sasa?" Nikasema wali unaungua, nikainuka.

Wali haukuwa unaungua, mume wangu. Nilikuwa nakupenda. Nilikupenda kule na nilikupenda hapa nyuma ya mizani, na kilichonifunga mdomo ni aibu ya mtu mzima mwenye mkwe. Sasa nimesema. Nasema nikiwa nalia na wino unachafuka, nisamehe mwandiko.

Turudi kwenye msiba.

Siku ya matanga Mama Shija alimwuliza Zuhura, "Bibi yako wa Karema kaarifiwa?" Zuhura akasema, "Bibi yupi?" Mama Shija akamkumbatia akaniambia pembeni kwamba uchungu umemvuruga mtoto akili, nisimwache peke yake. Nikasema ndiyo. Nilidhani yamekwisha.

Zuhura aliporudi kwake, Mama Shija ndiye aliyenibeba. Sina neno lingine. Aliniletea maji, aliniletea unga, na kila jioni alikaa na mimi jikoni, hata siku ambazo sikuwa na la kusema. Sasa wiki mbili zilizopita akaja amechangamka, ana mpango. "Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chake, "yule mama hajui kama mtoto wa kaka yake amefariki. Wewe huwezi kutoka. Nitakwenda mimi nikamwambie. Na Baba Shija amekubali kunisindikiza."

Baba Shija! Mtu ambaye tangu wafike huku hajalala hata usiku mmoja mbali na zizi lake. Kila mara ulipomtania apumzike alikujibu kwamba ng'ombe hawana likizo. Huyo ndiye aliyesema, nami namnukuu mkewe, "Marehemu alikuwa mtu wangu. Shangazi yake asisikie msiba kwa wapita njia." Akawakabidhi ng'ombe kwa mdogo wake, akanunua hadi viatu.

Nilihangaika, Baba Zuhura. Nikinyamaza, watu wawili wazuri watazunguka Karema yote na kuku mkononi wanamtafuta mwanamke ambaye hakuzaliwa. Watauliza kila nyumba. Watarudi wamechoka, na watu wa barazani watataka kujua, na hapo ndipo yale maneno ya shehe yatakapogeuka kichekesho. Nikisema, namvua nguo mume wangu akiwa kaburini, ambako hawezi hata kujitetea. Nilitamani ukohoe mlangoni nikuulize.

Jioni kabla ya safari yao alikuja na mzigo kuniaga. Kuku kafungwa miguu, karanga, na kaniki mpya ya kumfariji mfiwa. Hiyo kaniki ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia pale pale jikoni. Nikasema hakuna shangazi. Hajawahi kuwapo. Tulikuwa tunakwenda kukaa tu, mimi na mume wangu.

Aliniangalia kama mtu aliyepigwa na jua. "Na kanga yangu ya mwaka jana?"

"Niliivaa mimi."

"Na karanga?"

Nikasema tulikula. Kuku pia. Nikamwona anazihesabu kimoyomoyo safari zote na vitu vyake vyote. "Nyie watu," akasema, "nyie watu nilikuwa nawaombea." Halafu akauliza, sauti imeshuka, "Sasa huko mlikuwa mnafanya nini?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu. Nikamwambia ulivyounguza samaki, ulivyofua, ulivyobeba ndoo. Nikamwambia hata habari ya wali. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza alichukua kuku wake, akachukua karanga zake na kaniki yake, akatoka bila kuniaga. Nilisikia kuku analia mpaka kona ya zizi lao.

Kesho yake mtoto wake ndiye aliyeniletea maji. Nikamwuliza mama yuko wapi. Akasema mama na baba wameondoka na lori, wamekwenda Karema kwa shangazi.

Hapo nilikaa chini. Sikuelewa kama hakumwambia mumewe, au alimwambia na amekwenda kuhakikisha, au amekwenda kuniaibisha kwa ushahidi kamili. Na mimi niko ndani, siwezi kutoka, siwezi kutuma mtu. Mtoto alisema watarudi na lori linalofuata. Likarudi, hawamo. Likaja jingine, hawamo. Watu wa barazani wakaanza kusema shangazi naye lazima atakuwa amekufa, ndiyo maana wamekawia. Wazee wawili walikuja mpaka dirishani kunipa pole ya pili. Niliipokea, ningefanyaje?

Wamerudi jana. Nilisikia sauti ya Baba Shija nje, kwenye baraza letu, na wanaume wote wapo maana ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nilisimama nyuma ya pazia nimeshika mlango kwa mikono miwili. Nilisema moyoni, nisamehe mume wangu, leo jina lako linakwisha.

Baba Shija alikohoa. Unamjua, si mtu wa maneno. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Shangazi Mwamvua tumemkuta. Kapokea msiba kama mtu mzima. Ila miguu ile bado, jamani. Itabidi mimi na mama twende tena tukishavuna."

Wanaume wakasema alhamdulillahi. Mmoja akasifu ndugu wa marehemu wanavyotunzwa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimejiziba mdomo kwa kanga, sijui kama nalia au nacheka.

Mama Shija alipitia mlango wa nyuma. Alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, akaanza kuchambua mchele wangu bila kuombwa. Uso umeungua jua, na viganja vina rangi ya hina. Tulichambua muda mrefu. Mwishowe akasema, bila kuniangalia, "Anapika vibaya, Baba Shija."

Nikamwambia hata wewe, mume wangu, ulianza hivyo.

"Alinisuka nywele," akasema. "Mikono ile ya kufunga ng'ombe." Halafu akajifuta macho kwa kiwiko, na mchele ukaendelea.

Hakuniambia amenisamehe zile karanga. Nadhani bado kidogo. Lakini alipoinuka kwenda kwake aliniachia kaniki. Akasema nikae nayo, maana shangazi mwenyewe hatajua.

Basi, Baba Zuhura, nafunga hapa, giza limeanza kuingia na mafuta ya taa nayabania. Sitasema buriani. Lala salama. Eda ikiisha nitafungua duka na nitapima kama ulivyopima, kidole mbali na mizani. Na hili jingine nakuahidi, kwa kuwa ni wewe: shangazi sitamuua. Atakayeniuliza hali yake nitamjibu kwamba anaumwa bado, ila anakula vizuri, na kila akipata wageni husahau miguu.

Mkeo,
Mama Zuhura