Chipu Zenye Alama ya Ndege

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Nahariri video kwenye kompyuta; nimekata tena kipande cha watoto kupita mbele ya kamera. Hawaishi kupita. Ni kupamba, sherehe ya kumwonyesha bi harusi, binti wa Bi Zuhura; wanawake peke yao, buibui zimevuliwa. Nimemwahidi mama mtu: hapana mwanamume atakayeiona. Ndiyo maana kazi hizi hupewa mimi, mwanamke, si vijana wa studio za Makupa. Kanda anaitaka Ijumaa.

Maua ya kompyuta yanayomzunguka bi harusi yanakwamakwama. Yananiudhi.

Jumanne, 10 Novemba

Binamu yangu Rukia, wa Tononoka, ana kadi ya picha ya kompyuta kama yangu. Tulinunua siku moja, duka moja. Leo amenipa programu ya kuipa memori ya kadi kasi kuliko ile ya kiwandani. Yake ameipandisha sana na haijakohoa. Nimeipandisha yangu mpaka kiwango kile kile cha yake. Maua yakateleza kama yametiwa samli. Nimefurahi kijinga.

Jumatano, 11 Novemba

Vidoa vyekundu usoni mwa bi harusi. Kisha mistari. Kisha kioo cheusi. Nazima, nawasha. Hapana kitu.

Naogopa. Kupamba kote kumo ndani ya mashine. Kuipeleka kwa fundi ni kumpeleka Bi Zuhura kichwa wazi mbele ya mwanamume. Rukia anasema kwenye simu kuwa fundi hatatazama. Atatazama. Mimi ningetazama.

Sikula.

Alhamisi, 12 Novemba

Rukia amekuja na kadi yake kwenye mkoba. Tumefungua mashine, tumechomoa yangu, tumeziweka mezani pamoja. Sanduku lilikuwa moja, jina moja. Lakini chipu za memori si za kiwanda kimoja. Zake zina maandishi tu. Zangu zina alama ya ndege. Kumbe mwenye kutengeneza kadi hununua chipu popote apatapo, na si zote zinazostahimili mbio. Nimejilaumu. Nilifuata kasi ya Rukia bila kutazama nilichonacho.

Tumeirudisha yangu. Usiku kucha ilikuwa imepoa. Ikawaka.

Rukia akataka tuweke yake ili maua yateleze. Nimekataa. Imewaka, haiguswi tena. Nimeshusha kasi mpaka ya kiwandani, nimerekodi video yote kwenye kanda nikiwa nimesimama.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimempelekea Bi Zuhura kanda yake nyumbani kwake Bondeni baada ya alasiri, tukaitazama pamoja. Mlango tumeufunga. Maua yalikwama mara tatu na kila mara nilitazama sakafu.

Hakusema kitu kuhusu maua. Aliuliza, "Nani ameiona?"

"Mimi tu, Bi Zuhura. Sasa na wewe."

 Akaniomba niirudishe nyuma kidogo, pale alipokuwa akicheza yeye, nywele mgongoni. Tukaitazama mara mbili. Nimekunywa chai, nimerudi nyumbani.